Kengele moja, vipindi vya dakika 30, 35 na 40: ratiba ya Gredi 1 hadi 9 katika shule ya mkondo mmoja

Naibu_Ratiba

Walimu wenzangu, hamjambo. Naomba msaada wa watu waliowahi kukaa na ratiba hii mezani.

Shule ni ya kibinafsi hapa Kenya, mkondo mmoja (darasa moja kwa kila gredi), Gredi 1 hadi 9. Darasa kubwa lina wanafunzi 24. Gredi 1–3 zina walimu watatu, Gredi 4–6 watatu, na sekondari msingi ina watano: wa Hisabati na Kompyuta, wa Biolojia na Kilimo, wa Kiswahili na CRE (dini ya Kikristo), wa Kiingereza na Fasihi, na wa Historia na Jiografia. Mwenye shule amekubali kulipa mwalimu mmoja zaidi wa muda, siku tatu kwa wiki.

Kinachonishinda ni kengele. Gredi 1–3 wana vipindi vya dakika 30, Gredi 4–6 dakika 35, JSS (sekondari msingi, Gredi 7–9) dakika 40. Nikijaribu kumtoa mwalimu wa Kiingereza JSS akafundishe Gredi ya 6, anaacha darasa moja kabla ya wakati au anaingia la pili limeshaanza. Pili, masomo tisa ya JSS niyagawe vipi kwa hao watano na nusu? Tatu, maabara hatuna, kuna chumba kimoja chenye meza na mfereji mmoja. Na mwenye shule anataka Kifaransa na Kompyuta viingie kwenye ratiba kwa sababu wazazi wanauliza.

Kengele_ya_Pili

Mwalimu, usihesabu vipindi, hesabu mafungu. Vipindi viwili vya JSS ni dakika 80. Gawa siku nzima kwa mafungu ya dakika 80 na kengele kubwa ilie mwanzo na mwisho wa fungu tu:

Fungu la 1: saa 2:00 – 3:20
Mapumziko mafupi, dakika 10
Fungu la 2: saa 3:30 – 4:50
Mapumziko marefu, dakika 30
Fungu la 3: saa 5:20 – 6:40
Chakula cha mchana
Fungu la 4: saa 8:00 – 9:20

JSS wanapata vipindi viwili kwa kila fungu, vinane kwa siku, 40 kwa wiki. Umemaliza. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule ya kutwa kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri, kwa hivyo uko ndani.

Gredi 4–6 wanahitaji 35 kwa wiki, yaani saba kwa siku: viwili katika kila fungu la asubuhi, na kimoja saa 8:00 hadi 8:35. Vipindi viwili vya dakika 35 ni 70, kwa hivyo kila fungu linakubakishia dakika 10. Wengi wanakosea hapa. Wanaziweka zile 10 mwishoni, watoto wanatoka mapema, wanapiga kelele nje ya dirisha la Gredi ya 8, na tatizo la mwalimu wa Kiingereza linabaki vilevile: kipindi cha pili cha Gredi ya 6 kinaanza saa 2:35 naye yuko JSS mpaka 2:40.

Ziweke katikati. Gredi 4–6: saa 2:00 – 2:35, kisha dakika 10, kisha 2:45 – 3:20. Sasa angalia pande zote mbili. Anayetoka Gredi ya 6 saa 2:35 anaingia JSS saa 2:40, ana dakika tano za kutembea. Anayetoka JSS saa 2:40 anaingia Gredi ya 6 saa 2:45, ana dakika tano pia. Hakuna anayechelewa upande wowote. Fungu la 2 na la 3 ni hivyo hivyo: 3:30 – 4:05 na 4:15 – 4:50, 5:20 – 5:55 na 6:05 – 6:40.

Zile dakika 10 si za kuzurura. Ni tatu kwa siku, dakika 150 kwa wiki, na kazi yake ijulikane: kusoma kimya, kila mtoto na kitabu chake kwenye dawati. Kiranja wa darasa anaweza kusimamia kwa sababu hakuna anayehama. Ukiziacha bila kazi, kufikia wiki ya tatu zitakuwa mapumziko ya nne.

Gredi 1–3 hawahitaji kuoanishwa na mtu, mwalimu wao ni mmoja. Vipindi viwili vya dakika 30 mfululizo, kisha dakika 20 za choo, maji na kucheza. Sita kwa siku ni 30, na cha 31, PPI (kipindi cha malezi ya kiroho), kiweke Ijumaa baada ya asembli. Wakitoka kucheza saa 3:00 wapelekwe upande wa pili wa uwanja, mbali na JSS.

Bi_Manila

Hesabu ya mwenzangu hapo juu ni sawa. Naongezea ugawaji.

JSS ina Kiingereza 5, Kiswahili 4, Hisabati 5, Elimu ya Dini 4, Masomo ya Jamii 4, Sayansi Jumuishi 5, Pre-Technical (stadi za awali za ufundi) 4, Kilimo 4, Sanaa Bunifu na Michezo 5. Jumla 40. Zidisha kwa madarasa matatu, vipindi 120. Kwa walimu ulionao:

Hisabati 15 na Pre-Technical 12: mwalimu wa Hisabati na Kompyuta, 27.
Sayansi Jumuishi 15 na Kilimo 12: Biolojia na Kilimo, 27.
Kiswahili 12 na Dini 12: vipindi 24.
Kiingereza 15: mwalimu wa Kiingereza. Ana nafasi, apewe Kiingereza cha Gredi ya 5 na 6, vipindi 10, afike 25.
Masomo ya Jamii 12: Historia na Jiografia. Achukue pia Masomo ya Jamii ya Gredi 4, 5 na 6, vipindi vitatu kila darasa, afike 21. Huyu ndiye mwenye nafasi ya kuwa msimamizi wa SBA (tathmini inayofanywa shuleni) au maktaba.
Sanaa Bunifu na Michezo 15: mwalimu wa muda.

Kwa nini wa muda apewe Sanaa wala si Hisabati? Somo la vipindi vitano linalotaka mazoezi ya kila siku haliwezi kubanwa kwa siku tatu. Mtoto akifundishwa Hisabati Jumatatu mara mbili kisha asiione mpaka Jumatano, mazoezi ya nyumbani yanarundikana. Sanaa na Michezo inabanika vizuri. Kila darasa lipate mara mbili, mbili na moja, na siku zipishane:

Siku ya kwanza: Gredi 7 viwili, Gredi 8 viwili, Gredi 9 kimoja.
Siku ya pili: Gredi 7 viwili, Gredi 8 kimoja, Gredi 9 viwili.
Siku ya tatu: Gredi 7 kimoja, Gredi 8 viwili, Gredi 9 viwili.

Vitano kila siku, kumi na tano kwa wiki, na kila darasa limepata vitano vyake. Mwalimu wa muda usimchanganyie siku. Akiombwa aje Jumanne hii na Alhamisi ijayo, ratiba nzima inasambaratika kwa sababu ya mtu mmoja.

Sasa kupanga kwenyewe. Usianze na kompyuta. Nunua karatasi kubwa ya manila, chora safu wima 40 (siku tano, vipindi vinane) na mistari mitano ya mlalo: Gredi 9, 8, 7, 6, 5. Kata kadi 120 za JSS, rangi moja kwa kila mwalimu, pamoja na kadi za Kiingereza za Gredi ya 5 na 6 kwa rangi ileile ya mwalimu wa Kiingereza, na za Masomo ya Jamii hivyo hivyo. Za Gredi ya 4 ongeza mstari mdogo chini. Kanuni ni moja: rangi isijirudie katika safu wima moja. Jicho linaona mgongano kabla hujasoma neno. Safu ya kipindi cha 8 kila siku iachie JSS peke yao, Gredi 4–6 hawana kipindi hicho.

Mpangilio wa kubandika una maana. Kwanza mwalimu wa muda, kwa sababu hana pa kuhamia. Pili vipindi pacha (viwili mfululizo) vya Sayansi, Kilimo na Pre-Technical, pacha moja kwa wiki kwa kila darasa, na pacha lazima likae ndani ya fungu moja, lisikatwe na mapumziko. Tatu Hisabati na Kiingereza, kila siku moja, na angalau mara tatu kwa wiki kabla ya saa 4:50. Nne vipindi vya walimu wanaovuka kwenda Gredi 4–6. Kiswahili, Dini na Masomo ya Jamii vijaze palipobaki. Ukianza na Hisabati kila siku kipindi cha kwanza, kama wengi wapendavyo, utagundua mwalimu mmoja hawezi kuwa Gredi 7, 8 na 9 kwa wakati mmoja, na kadi tatu za kwanza tayari zimekwama.

Ikikaa kwenye manila ndipo uiingize kwenye programu. FET ni ya bure na inatosha. Kwa vile mafungu yameoanishwa, iambie tu "kipindi cha 1, cha 2, cha 3". Haihitaji kujua kwamba cha Gredi ya 6 ni kifupi kwa dakika tano.

Naibu_Ratiba

Asanteni sana. Hiyo ya kuweka dakika 10 katikati sikuiona kabisa. Swali: vipindi 27 kwa mwalimu wa Hisabati si vingi? Na je, Pre-Technical ataiweza?

Fundi_Mchoro

Bi Manila, hapo kwa Pre-Technical naomba nipinge kidogo. Idadi ya 27 inabebeka kwa madarasa ya watoto 24, madaftari 72 ya Hisabati si 150. Shida ni somo lenyewe. Pre-Technical ya sasa ilimeza masomo matatu wakati yale 14 yalipopunguzwa yakawa 9: ufundi, kompyuta na biashara. Mwalimu wa Hisabati na Kompyuta atafurahia mada za kompyuta, ataiweza biashara akisoma usiku, kisha atafika kwenye uchoraji wa kiufundi na vifaa vya karakana aanze kufundisha kutoka kitabuni. Wanafunzi wataandika majina ya zana ambazo hawajazishika.

Usigawanye somo kwa walimu watatu ingawa linakualika. Likigawanywa, kila mmoja anasubiri mwenzake atunge kazi ya SBA, na mwisho wa muhula hakuna aliyetunga. Mwachie mmoja, lakini fanya mambo mawili. Panga azimio la kazi (mpango wa mada wiki kwa wiki) ili mada za uchoraji na zana ziangukie wiki zilezile kwa Gredi 7, 8 na 9 kadiri silabasi inavyoruhusu, kisha fundi wa karibu, seremala au wa vyuma, aitwe wiki hizo aje aonyeshe huku mwalimu akiwa darasani. Fundi ni mgeni mwalikwa, haandikwi kama mwalimu: Sheria ya TSC (tume ya walimu) ya 2012 inadai anayefundisha awe amesajiliwa, na afisa wa ubora akikuta fundi peke yake darasani utakuwa na la kujibu.

Pili, vifaa vya kuchorea vinunuliwe na shule, wala si mzazi mmojammoja. Kwa watoto 24 wanaokaa wawili wawili: vibao 12 vya kuchorea, T-skweya 12, seti 12 za pembetatu (ya 45 na ya 30/60), bikari 12, tepu ya karatasi ya kubandikia. Vibao waweza kukatiwa na seremala kutoka plaiwudi, 500 kwa 400 mm inatosha kwa karatasi ya A3. Kagua ukingo wa kushoto kwanza: ukiwa haujanyooka, T-skweya inayumba na kila mstari wa mlalo unatoka umeinama. Mwalimu atalaumu mkono wa mtoto kumbe ni msumeno wa seremala.

Bi_Manila

Nakubali kuhusu fundi. Nilikuwa nahesabu vipindi, si zana.

Tyubu_na_Sumaku

Kuhusu maabara. Chumba chenye meza na mfereji kinatosha kwa Sayansi Jumuishi ya Gredi 7 hadi 9. Usikubali kuuziwa bureti na mizani ya gharama. Fikiria makundi sita ya watoto wanne na ununue kwa makundi: tyubu za majaribio 36 (sita kila kundi, zitavunjika), vishikio sita, bika za mililita 250 sita, silinda za kupimia za mililita 100 tatu, taa za spiriti sita, faneli sita, karatasi za kuchujia, litmasi nyekundu na ya buluu, vipimajoto sita, sumaku za mche jozi sita, balbu za volti 2.5 na vishikio vyake 12, betri kubwa za tochi 24, waya mita 10. Ndoo ya mchanga na blanketi la kuzimia moto viwe mlangoni, wala si kabatini.

Kinachoharibika kwanza ni sumaku na betri. Sumaku zikitupwa zote kwenye sanduku moja hudhoofika. Zihifadhiwe jozi jozi, ncha ya kaskazini ikielekezwa kusini ya mwenzake, kibao chembamba katikati na kipande cha chuma laini kila mwisho. Betri hufa kwa sababu mtoto ameacha saketi imeunganishwa kwenye rafu. Vifaa virudishwe vikiwa vimefunguliwa, na mwalimu ahesabu betri kabla darasa halijatoka.

Majaribio mengi hayadai dukani. Chukua vionyeshi vya asidi na besi vya Gredi ya 7. Petali 12 hivi za hibiskasi nyekundu, ziponde kwenye kinu kidogo, mimina mililita 30 za spiriti, acha dakika 10, chuja kwa kitambaa. Tone tano kwenye tyubu yenye maji ya limau: inageuka nyekundu ya waridi. Kwenye maji ya magadi: kijani. Kwa nini spiriti, si maji? Maji yanafanya kazi pia, lakini ukichuja leo, kesho yananuka na rangi imefifia, na kesho ndiyo zamu ya Gredi nyingine. Ila spiriti inashika moto, kwa hivyo siku hiyo hakuna taa inayowashwa mezani.

Makosa matatu hutokea kila mara. Sabuni ya unga ya buluu hutumiwa kama besi, na rangi yake inaficha kijani. Maji ya majivu hayachujwi, yakawa na tope. Na mtu analeta dawa ya kung'arisha nguo: hiyo inaunguza rangi ya ua kabisa, tyubu inabaki nyeupe au manjano, watoto wanaandika kwamba besi haina rangi. Dawa ya kung'arisha iondolewe kwenye orodha ya jaribio hili.

Kwa ratiba: pacha la Sayansi liwe fungu la 2, saa 3:30. Mwalimu wako aachiwe kipindi cha 2:40 – 3:20 wazi siku hizo tatu, na ana uwezo huo maana 40 toa 27 anabaki na 13. Hana msaidizi wa maabara, kwa hivyo hizo dakika 40 pamoja na mapumziko ndizo za kupanga meza sita. Pacha la Kilimo lisifuate pacha la Sayansi siku hiyo hiyo. Mtu mmoja hawezi kuosha tyubu na kugawa majembe katika dakika 30. Kilimo kiende fungu la 1 siku mbili zisizo na pacha la Sayansi, jua halijawa kali, pacha la tatu likae fungu lingine la siku mojawapo ya hizo, na kumbuka Kilimo cha sasa kina mapishi, usafi na ushonaji ndani yake, kwa hivyo si kila pacha ni la shambani. Mwalimu wa Biolojia na Kilimo huwa anaruka ushonaji kimyakimya. Muulize sindano ziko wapi.

Azimio30

Ratiba ikikaa, jambo la pili linaloua shule ndogo ni azimio la kazi. Muundo wa mtaala wa KICD (taasisi ya kukuza mitaala) umehesabiwa kwa wiki 30: somo la vipindi vitano lina 150, la vinne lina 120. Mwaka una takriban wiki 13, 14 na 9, jumla 36. Mtu anaona 36 anatulia, kisha Oktoba inafika. Toa wiki ya kufungua, likizo fupi, wiki za tathmini, siku za michezo. Panga 11, 12 na 7. Somo la vitano: vipindi 55, 60, 35. La vinne: 44, 48, 28. Gredi ya 9 msiwawekee mada mpya nzito muhula wa tatu. Mtihani wa KJSEA, ule wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 9, unawakuta njiani.

Azimio lenyewe lisiwe la kununua mtandaoni na kubadilisha jina la shule. Yale mengi bado yana mada zilizoondolewa masomo yalipounganishwa mwaka 2024. Fungua muundo wa mtaala, chukua mada, mada ndogo na idadi ya vipindi iliyoandikwa pale, kisha upeleke kwenye wiki. Shughuli za ujifunzaji na swali dadisi ndivyo mwalimu avifikirie mwenyewe. Vitabu viwe vile vilivyoidhinishwa na KICD, na kwa shule ya kibinafsi ni vya kununua wenyewe. Kimoja kwa watoto wawili hakitoshi kwa Hisabati na Kiingereza, kwingine kinavumilika.

Alama sasa. Kuingia sekondari ya juu kunahesabiwa hivi: KPSEA (tathmini ya kitaifa) ya Gredi ya 6 asilimia 20, SBA ya Gredi 7 na 8 asilimia 20, KJSEA asilimia 60. Maana yake SBA ya Gredi ya 7 si ya kujaza fomu tu. Kila kazi iwe na ukurasa mmoja wa vigezo kabla mtoto hajaanza, na mwalimu atie alama siku ya kazi yenyewe, si wiki ya kupakia kwenye tovuti ya KNEC (baraza la mitihani). Ukiona darasa zima lina alama ileile katika mradi wa Kilimo, ujue zilitiwa usiku. Hifadhi picha au kazi zenyewe kwa majina, kwenye bahasha ya kila mtoto.

Viwango vya KJSEA ni vinane (EE ni kuzidi matarajio, ME kufikia, AE kukaribia, BE chini ya matarajio): 90–100 EE1, pointi 8, 75–89 EE2, pointi 7, 58–74 ME1, pointi 6, 41–57 ME2, pointi 5, 31–40 AE1, pointi 4, 21–30 AE2, pointi 3, 11–20 BE1, pointi 2, 1–10 BE2, pointi 1. Masomo tisa, pointi 72 ndio upeo. Ripoti za JSS zitumie mipaka hii hii. Shule nyingi zina programu ya ripoti iliyobaki na mipaka ya zamani, mtoto wa 76 anaandikiwa "kufikia matarajio" kumbe yuko EE2, na mzazi anakuja ofisini na simu mkononi. Na nafasi darasani iondoeni. Katika darasa la watoto 11, kuwa wa tisa hakumwambii mzazi chochote.

Naibu_Ratiba

Mungu awabariki. Bado mawili: Kifaransa na Kompyuta za mwenye shule, na nina wanafunzi wanne Waislamu katika Gredi 7 na 8 ambao sasa hukaa maktaba wakati wa CRE.

Kengele_ya_Pili

Kifaransa kiwe klabu, saa 9:30 hadi 10:15, siku mbili. Vipindi 40 vimejaa. Ukikitoa Kilimo kimoja umpe Kifaransa, umepunguza somo linalotahiniwa kwa ajili ya lisilotahiniwa. Kompyuta mwambie iko tayari ndani ya Pre-Technical, anachohitaji ni mashine wala si kipindi. Kompyuta kumi na mbili za mkononi kwenye kabati lenye magurudumu zinahudumia madarasa yote, kuliko chumba cha kompyuta kinachofungwa siku nne kwa wiki.

Bi_Manila

Hao wanne wafundishwe IRE (dini ya Kiislamu), wasikae maktaba. Watakalia karatasi ya dini mwishoni na CRE hawajui. Kwa ratiba, mwalimu wa IRE aende sambamba na CRE: Gredi 7 ikiwa na Dini, wale wanahamia chumba kingine. Vipindi vinne vya Gredi 7 na vinne vya Gredi 8, vinane kwa wiki. Vipange siku mbili, viwili viwili, pacha la Gredi 7 kisha la Gredi 8 katika mafungu yanayofuatana, ili ustadhi wa muda aje mara mbili tu kwa wiki. Hapo mwalimu wako wa Kiswahili na CRE naye anafungwa siku hizo, kwa hivyo kadi za Dini zibandikwe pamoja na za mwalimu wa Sanaa, mwanzoni kabisa, kabla ya pacha za Sayansi. Awe amesajiliwa na TSC pia. Msikiti wa karibu wanaweza kukuelekeza kwa mwenye namba.

Tyubu_na_Sumaku

Ukimaliza manila, usichape mara moja. Ibandike chumba cha walimu wiki mbili na kalamu ya risasi pembeni. Siku ya nne mtu ataandika kwamba Gredi ya 9 wana Sanaa uwanjani na Gredi ya 5 wana michezo palepale saa 8:00. Uwanja nao upewe rangi yake ya kadi.